Magoti Kumi na Sita, Daktari Mmoja

Siku ya kliniki ya damu inajulikana. Umeamka saa kumi alfajiri, umepanga foleni ya kadi, foleni ya faili, foleni ya maabara, na jina lako linaitwa saa saba mchana. Mbele ya daktari unakaa dakika saba. Anauliza umevuja mara ngapi tangu mara ya mwisho, kiungo gani, dawa umebakiza chupa ngapi. Anaandika, unatoka. Hakuna aliyekuuliza unalalaje, unakula nini, presha ulipima lini, wala kwa nini suruali ya Idi iliyopita haifungi kiunoni. Daktari si mtu mbaya. Nje ya mlango wake benchi limejaa.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye hemofilia, au mzazi wa mtoto mwenye hemofilia, uliyesikia kwamba hospitali yako inaanzisha kliniki ya kikundi, au unayetaka kuwashawishi waianzishe. Mimi ni muuguzi. Nimesimamia kliniki hizi Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na ya kwanza niliivuruga kwa mikono yangu mwenyewe. Watu ninaowasimulia humu nimewabadilisha mawili matatu wasitambulike.

Usije kama unakuja semina

Ile ya kwanza tuliitangaza vibaya. Neno lililosambaa likawa "semina", na wakaja watu arobaini na ushei, wengine na daftari jipya. Projekta ilikuwepo. Daktari alichelewa, kisha akaanza na picha ya jinsi damu inavyoganda, mishale kila upande kama ramani ya daladala. Baada ya nusu saa mzee mmoja mstaarabu, goti lake limekakamaa mbele yake, akanyoosha mkono. Nikafurahi: swali la kwanza. Akasema, "Samahani sista, posho inatolewa kabla ya chakula au baada?" Sikumlaumu. Tulimwandalia semina, naye akaitendea kama semina.

Kliniki ya kikundi ni kliniki hasa. Watu wanane hivi, wasipungue sita na wasizidi kumi, wanakaa duara kwa dakika tisini. Kila mmoja amepimwa, faili lake liko mezani, na daktari anamhudumia mmoja mmoja kama kawaida: anamuuliza, anamgusa goti, anabadilisha dozi, anaandika dawa. Tofauti ni kwamba wenzake wanasikia. Wewe ukihudumiwa dakika nane, unabaki umekaa dakika themanini na mbili ukisikia maswali ambayo hukuwahi kuthubutu kuyauliza yakiulizwa na mtu mwingine. Hotuba hakuna. Mtu akianza kuwahutubia, hata akiwa daktari bingwa, mkumbusheni kwa adabu.

Mtindo huu haukubuniwa kwa ajili ya hemofilia. Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Noffsinger, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la afya la Kaiser Permanente, San Jose, California, alianza kuwakusanya wagonjwa wa maradhi sugu kwa daktari wao kwa pamoja, maana kumpata daktari mmoja mmoja kulikuwa kwa taabu. Huku kwetu majirani wametutangulia: Kenya ya magharibi, mpango wa AMPATH wenye makao Eldoret umewahudumia watu wa kisukari na presha katika vikundi, na baadhi ya vikundi hivyo vimeunganishwa na vile vya kuweka akiba na kukopeshana. Mtu anakuja kupima presha, anaondoka ameweka hisa zake. Asiyeelewa kwa nini watu hawakosi kikao cha namna hiyo hajawahi kuwa mwanachama wa kikoba.

Kwa nini tuzungumze kitambi

Kulikuwa na wakati ambapo kumshauri mwenye hemofilia kali juu ya unene kungeonekana dhihaka. Bila dawa wengi hawakufika utu uzima. Leo kuna faktori inayoletwa kwa msaada kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, lile lililoanzishwa na Frank Schnabel mwaka 1963, lenye makao Montreal, na baadhi ya wenye hemofilia A wanapata emisizumabu, sindano ya chini ya ngozi inayochomwa kila wiki, kila wiki mbili au kila wiki nne. Vijana wamekua. Wameoa, wamepata kazi za kukaa. Lakini wengi wamekua na viungo vilivyoharibika utotoni kabla dawa haijafika. Goti bovu linakukalisha, kukaa kunakunenepesha, na unene unalirudia goti lile lile.

Halafu kuna hesabu ya chupa. Hii naipenda kwa sababu haimkemei mtu. Kwa hemofilia A, uniti moja ya faktori 8 kwa kila kilo ya mwili hupandisha kiwango chako kwa takriban asilimia 2. Tuseme daktari anataka ufike asilimia 40: hizo ni uniti 20 kwa kilo. Mwenye kilo 65 anahitaji uniti 1,300. Mwenye kilo 85, uniti 1,700. Zile uniti 400 za ziada zinakwenda kila sindano, kila unapovuja, katika nchi ambayo friji ya faktori ina siku za kubaki tupu. Kwa hemofilia B mzigo ni mkubwa zaidi, maana uniti moja ya faktori 9 kwa kilo inapandisha asilimia 1 hivi tu. Nilipoandika hesabu hii ubaoni siku moja, baba mmoja aliyekuwa akisinzia aliomba chaki.

Kupanga kikundi na chumba

Msichanganye kila mtu. Kijana wa miaka kumi na saba hatasema chochote mbele ya mama yake. Akina mama wenye watoto wa chini ya miaka kumi wana yao: meno yanayong'oka, mwalimu wa michezo asiyeelewa, mdogo wa mgonjwa anayesubiri jando na bado hajapimwa. (Wapimeni kabla ya jando. Kwetu wavulana wengi wanagundulika siku hiyo, damu inapokataa kusimama.) Wanaume wenye viungo vilivyochakaa ni kundi la tatu. Kama mko wachache, anzeni na kundi moja, na lichagueni lile lenye shida zaidi.

Mama, na wewe dada wa mgonjwa, usikae nje ukisubiri kumsindikiza mtu. Wanaobeba kinasaba cha hemofilia wengine wana faktori ya chini wao wenyewe, na hedhi ya siku tisa inayokuachia kizunguzungu si "kawaida ya ukoo wetu". Omba upimwe kiwango chako. Nimemwona mama aliyekuja kliniki miaka sita kwa ajili ya mwanawe, akivuja kuliko mwanawe, na hakuna aliyemuuliza. Mimi nikiwemo.

Chumba kiwe cha chini. Hili ni jambo dogo linalosahaulika na kila mpangaji mwenye magoti mazima: tulipewa ukumbi mzuri ghorofa ya pili, lifti mbovu, na kabla ya kikao kuanza watu wawili walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakihema. Viti viwe vya juu kidogo na viwe na mikono, maana asiyekunja goti hawezi kuinuka kwenye kiti kifupi bila kushika kitu. Mkeka mnaomkirimia mgeni, siku hiyo ukunjeni. Kuwe na barafu, bandeji za kubana, na dawa ndani ya friji ya nyuzi 2 hadi 8, kwa sababu mtu anaweza kuanza kuvuja kikaoni humo humo.

Siri, na yanayoandikwa ubaoni

Kikao kinaanza kwa ahadi, nasi huisema kwa sauti, mmoja mmoja: nitakayoyasikia hapa hayatoki hapa. Kisha kila mtu anaambiwa kwamba ana haki ya kusema "hili nitalisema pembeni", na dakika kumi na tano za mwisho daktari anabaki kwa ajili ya hao. Usiichukulie ahadi hiyo kama dua ya kufungulia mkutano. Wapo baba na kaka zetu waliopata virusi vya Ukimwi au homa ya ini kwa damu na dawa za damu za miaka ya nyuma, kabla hazijaanza kuchunguzwa. Wapo mabinti ambao ndoa yao itavunjika kabla haijafungwa ikijulikana kwamba ukoo wao "una damu mbaya". Basi majibu ya virusi hayaandikwi ubaoni, wala hayatajwi, hata kwa mafumbo. Ukiona hospitali inafanya hivyo, simama utoke, nami nitakuunga mkono.

Kinachoandikwa ubaoni, kwa ridhaa ya kila mtu na kwa jina moja tu, ni vitu vinne: uzito, presha, umevuja mara ngapi tangu kikao kilichopita, na dakika ulizotembea wiki hii. Mwanzoni watu wanaona aibu. Kikao cha tatu wanaanza kuusoma ubao kama msimamo wa ligi. Kuna mzee aliyepunguza kilo nne kwa miezi mitano, na sidhani ni mahubiri yangu yaliyompunguza. Ni kwamba jina lake lilikaa chini ya jina la shemeji yake.

Daktari anapozunguka

Nikupe mfano mmoja, uone kinachotokea. Kijana fundi simu, miaka ishirini na miwili, hemofilia A kali. Ubao unaonyesha amevuja mara nne kwa miezi miwili, zote kifundo cha mguu wa kulia.

"Ilikuwaje, kaka?" daktari akauliza.

"Naamka tu asubuhi kimejaa, dokta."

"Jioni yake ulikuwa unafanya nini?"

Kimya. Mwaka mzima nilikuwa nikimuuliza swali hilo chumbani, na mwaka mzima nilipata kimya hicho hicho. Pembeni yake alikaa mzee wa miaka hamsini na kitu ambaye vifundo vyake vyote viwili havikunji.

"Mwanangu, sema. Mimi hivi vimekwisha kwa ndondo."

Chumba kikacheka. Kijana akacheka pia, akainamisha kichwa. "Alhamisi na Jumapili, mzee. Ila nakaa golini."

"Golini ndiko kwenye kuruka!"

Sasa tukawa na kitu cha kufanyia kazi. Alikuwa akijidunga Jumatatu na Ijumaa, kwa sababu kadi yake iliandikwa hivyo siku ya kwanza. Faktori 8 ya kawaida hupungua kwa nusu kila baada ya saa 8 hadi 12. Mtu aliyejidunga Jumatatu asubuhi, Alhamisi jioni anaingia uwanjani mkavu kabisa. Daktari alimwambia wazi kwamba mpira wa kukwatuana haumfai. Lakini hakuishia kwenye katazo ambalo kijana angelivunja kabla ya kufika kituoni: alihamishia sindano zake asubuhi ya Alhamisi na asubuhi ya Jumapili, akampeleka kwa mtaalamu wa viungo, na wakakubaliana ataanza kuacha mechi na kubaki na mazoezi mepesi. Watu wengine wawili, bila kuulizwa, wakatoa kadi zao kuangalia wanajidunga siku gani. Mmoja wao alikuwa kuli wa mwisho wa wiki sokoni, na aliyejua ni mkewe tu.

Ukija, basi, usijitayarishe kujibu maswali ya daktari peke yake. Andaa ukweli mmoja ambao hujawahi kuusema, nawe uutupe katikati. Na ukimwona mwenzako ananyamaza, usimshtaki. Simulia wako kwanza, kama alivyofanya yule mzee.

Kutembea, kukunja, kunyoosha

Hapa ndipo kikundi kina faida kubwa kuliko yote, na hapa ndipo nakuomba usome taratibu.

Wengi mmelelewa kwa neno moja: usi. Usikimbie, usipande, usicheze. Mama aliyekwambia hivyo alikuwa anakulinda kwa silaha aliyokuwa nayo. Lakini msuli usiotumika hunyauka, na kiungo kisicho na msuli wa kukishika huyumba, na kinachoyumba kinavuja. Mtu mzima yeyote anashauriwa na Shirika la Afya Duniani afikishe angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki. Wewe anza na kumi kwa siku. Tembea asubuhi kabla ya jua kali, viatu vya soli laini, njia unayoijua.

Kwa goti lililodhoofika lipo zoezi la kufanyia kitandani: kunja kanga iwe mviringo, iweke chini ya goti, kisha ligandamize goti chini kuelekea kanga, hesabu hadi tano, legeza. Mara kumi kila mguu. Halihitaji gimu wala trakisuti. Mtaalamu wa viungo akuonyeshe mara ya kwanza, kwa kuwa goti lako si la jirani yako. Mkazi wa pwani ana bahati nyingine: maji ya kifuani. Kutembea ndani ya bahari tulivu au bwawani kunauondolea mwili uzito wake, na kuogelea ni miongoni mwa michezo inayofaa sana kwa mwenye hemofilia. Vaa viatu vya plastiki. Matumbawe hayana huruma kwa mwenye damu nyepesi. Ndondi, mieleka na raga, hapana. Bodaboda, ukilazimika, kofia ngumu kichwani na dereva unayemfahamu.

Sasa swali linaloulizwa kila kikao: nitajuaje kama ni maumivu ya goti chakavu au ninavuja upya? Goti chakavu huwa gumu asubuhi na hulegea ukilitembeza kidogo. Linalovuja huenda kinyume: linazidi kubana kadiri muda unavyokwenda, linapata joto, halitaki kukunjwa wala kunyooshwa. Lakini kabla ya hayo yote kuna dalili ya mapema ambayo vitabu huipitia juu juu, na wenye goti wanaijua vizuri. Waulize wenzako kikaoni. Mmoja ataita mchonyoto. Mwingine atasema kuna wadudu wanatambaa. Mtoto wa miaka tisa alituambia ni "kama soda imefunguliwa ndani", na tangu siku hiyo kliniki yetu nzima inasema hivyo: "Sista, soda imefunguka." Soda ikifunguka, jidunge. Usisubiri uvimbe ukuthibitishie. Ukiwa na shaka, ihesabu ni damu. Kisha pumzisha kiungo, weka barafu iliyofungwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji, inua mguu juu ya mto. Mazoezi ya kiungo hicho yasubiri mpaka maumivu na uvimbe vitulie, halafu rudi taratibu. Asiyerudi kabisa naye anakosea.

Mwageni mikoba ya dawa mezani

Kikao kimoja kila mwaka tunakifanya cha dawa. Kila mtu anakuja na mfuko wa dawa wa nyumbani kwake, jinsi ulivyo, na anaumwaga mezani. Utashangaa yanayotoka: vidonge visivyo na karatasi, mafuta ya nyoka, dawa ya ng'ombe mara moja. Na daima, daima, diklofenaki.

Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huzivuruga chembe sahani, zile chembe za damu zinazokimbilia kwenye kidonda kuziba. Wewe tayari una upungufu upande mmoja. Usiubomoe na mwingine. Soma karatasi ya dawa zilizochanganywa, kwani kuna vidonge vya maumivu na vya mafua vyenye moja ya hizi ndani yake. Maumivu yako ni ya parasetamoli, na mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na pungufu ya hapo kama ini lina matatizo au unakunywa pombe. Isipotosha, sema kikaoni. Daktari ana nyingine za kukupa.

Kibaya zaidi ni diklofenaki ya sindano ya makalioni. Mmoja wetu alikwenda zahanati ya mtaani na goti lililojaa, akasema ana hemofilia, mhudumu akaitikia kwa kichwa kisha akamchoma. Kwa pigo moja akapata dawa isiyomfaa na sindano ndani ya msuli. Paja lilijaa damu siku nne. Tangu hapo tunawafundisha wanakikundi sentensi moja ya kusema dirishani, na tunaifanyia mazoezi kama maigizo, mmoja akiwa mhudumu mwenye haraka: "Nina ugonjwa wa kuvuja damu, sichomwi sindano ya msuli, hii hapa kadi yangu, mpigie daktari wangu." Vijana wanaifurahia. Wazee wanaona tunacheza, mpaka zamu yao ifike na sauti iwatetemeke.

Yaliyobaki, kwa ufupi

Chakula: hakuna chakula kinachoongeza faktori. Si juisi ya rozela, si mlonge, si maji ya viazisukari. Kula kwa ajili ya uzito na kwa ajili ya damu iliyopotea. Nusu ya sahani iwe mboga, ugali upungue ngumi moja, chipsi mayai zisiwe chakula cha kila jioni. Aliyevuja sana anahitaji madini ya chuma: maini, dagaa, maharage, mchicha wenye kukamuliwa ndimu. Chai inywe mbali na mlo, kwa kuwa inazuia chuma hicho kuingia mwilini.

Meno: fizi zinazotoka damu ndizo zinazohitaji mswaki zaidi. Mswaki laini, asubuhi na usiku. Wanaoacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu huishia kung'olewa jino, na hapo ndipo damu hasa.

Presha: kwako ina ubaya wa peke yake, kwa sababu mshipa ukipasuka kichwani hakuna cha kuusimamisha. Iwe chini ya 140 kwa 90. Ipimwe kila kikao, hata kama una miaka ishirini na mitano na unajiona chuma.

Pombe na sigara, mnazijua. Ila zungumzeni kwa nini mtu anakunywa. Nimesikia wanaume watatu mfululizo wakisema "ili nilale", na ndipo tulipogundua kwamba hakuna aliyekuwa akilala kwa maumivu, na hakuna aliyekuwa amemwambia daktari.

Kinachoharibu kikundi

Msemaji mmoja. Kila kikundi kina wake, mara nyingi ni mtu mwema aliyesoma sana. Mpeni kazi ya kushika saa.

Mwuza dawa. Atakuja, amevaa vizuri, na chupa ya kitu kinachotibu hemofilia, kisukari na nguvu za kiume. Msimfukuze kwa matusi. Mwelezeni kuwa ugonjwa huu umo kwenye vinasaba, kisha mfungieni mlango.

Kundi la WhatsApp. Ni zuri kwa kukumbushana tarehe na kupigana jeki ya nauli. Lakini nimewahi kuona picha ya goti imetumwa saa mbili usiku na watu kumi na wanne wakilijadili hadi saa sita, mwenye goti bado hajajidunga. Kanuni yetu sasa: dawa kwanza, picha baadaye. Na yapo mambo yasiyosubiri kundi wala kikao: kichwa kilichogongwa au kinachouma kwa namna isiyo ya kawaida, uvimbe shingoni au kooni, tumbo linalouma ghafla, nyonga isiyonyooka na maumivu ya kinena. Hayo ni dawa mara moja na hospitali mara moja, hata usiku wa manane, hata kama mtoto anasema amepona.

Na kuna Aprili 17, siku ya kuzaliwa ya Schnabel, ambayo dunia nzima imeifanya siku ya hemofilia. Tunavaa nyekundu, tunapigwa picha, waheshimiwa wanazungumza. Nzuri. Ila msiihesabu kuwa kikao.

Siku yako ya kwanza

Njoo na kadi yako, daftari unaloandikia kila ulipovuja na kila ulipojidunga, mfuko wa dawa, na chupa ya maji. Uwe umejidunga kama ilivyo ratiba yako, usije mkavu eti kwa sababu unakwenda hospitali. Kama umeanza kuvuja njiani, sema mlangoni. Utatibiwa kwanza, kisha utakaa na wenzako ukiwa umeinua mguu, na hilo litakuwa somo la siku. Wasalimie waliokutangulia, chagua kiti chenye mikono. Na chini ya suruali vaa kaptura. Daktari atataka kuliona goti, na watu saba wengine watakuwa wameshapandisha zao.